Vita vya wakubwa na sahani moja ya watoto: Funzo kutoka Msasani ya Tukuyu

UKIMWAMBIA mkazi wa Dar es Salaam kuwa umetoka Msasani, mara moja atafikiria bahari, wavuvi na nyumba za wenye nazo. Lakini ipo Msasani nyingine ambayo haina bahari. Hiyo ni kata ya mji wa Tukuyu, wilayani Rungwe, mkoani Mbeya. Huko kuna baridi, mvua nyingi, migomba na chai, na Mlima Rungwe umesimama juu ya yote.

Mazingira yanatofautiana, lakini watoto ni wale wale. Jioni, shule zikishafungwa, watoto wa Msasani ya Tukuyu hucheza kama wanavyocheza wenzao wa Msasani ya Dar es Salaam, wa Tandika au wa Majengo. Mpira ni wa makaratasi na goli ni mawe mawili. Njaa ikibisha, wote huingia katika nyumba iliyo karibu na mama mwenye nyumba hiyo huwapakulia bila kuuliza huyu ni mtoto wa nani, kabila gani wala dini gani.

Ndugu msomaji, makala hii ni juu ya urafiki huo wa utotoni na juu ya adui yake mkubwa, yaani vita. Tunapohesabu hasara za vita huwa tunahesabu maiti, nyumba zilizochomwa na fedha zilizopotea. Ni nadra sana kuhesabu marafiki waliocheza pamoja, wakala pamoja, kisha siku moja wakajikuta wako pande mbili zinazowindana. Hasara hii haiandikwi katika mkataba wowote wa amani, na hakuna serikali inayoilipia fidia.

Tumeichagua Rungwe kwa sababu maalumu. Huko urafiki wa utotoni ulikuwa zaidi ya michezo ya jioni. Ulikuwa ndio msingi wa kijiji.

Kijiji kilichojengwa na marafiki

Kati ya mwaka 1934 na 1938 wataalamu wawili wa mila na desturi, Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliishi miongoni mwa Wanyakyusa wakichunguza maisha yao. Mwaka 1951 Monica alitoa kitabu kizima juu ya jambo moja lililomshangaza, nalo ni vijiji vya rika.

Kwa kawaida, katika makabila mengi, kijiji ni cha ukoo. Baba, watoto wake, ndugu zake na wajukuu hukaa pamoja. Kwa Wanyakyusa wa zamani haikuwa hivyo. Watoto wa kiume walianza kwa kuchunga ng'ombe wa baba zao kwa pamoja. Walipofika umri wa miaka kumi au kumi na moja hivi, waliondoka katika nyumba za wazazi wakaenda kujenga vibanda vyao wenyewe pembezoni mwa kijiji cha wakubwa. Walilala huko. Kwa chakula, walikwenda kwa kundi kwa mama wa huyu, kisha kwa mama wa yule, kwa zamu. Walipokua walioa na kuleta wake zao pale pale. Vibanda vya watoto vikageuka kuwa kijiji cha watu wazima. Kizazi kilipofika wakati wake, wazee walikabidhi madaraka kwa wale wale waliochunga pamoja.

Kwa maneno mengine, jirani ya mtu uzeeni alikuwa ni rafiki yake wa utotoni. Aliyemjua tangu akiwa na kamasi puani ndiye aliyemzika.

Maisha haya ya kukaa, kula na kuzungumza na wenzako Wanyakyusa waliyaita ukwangala. Waliamini kuwa akili na busara mtu huzipata kwa kukaa na wenziwe. Anayekula peke yake alitazamwa kwa wasiwasi. Sisi tuliokulia katika sinia moja, mikono sita ikiingia katika pilau moja, hatuhitaji mfasiri wa kutufahamisha jambo hili.

Mto uliogeuzwa mpaka

Kusini mwa Rungwe, katika nchi ambayo leo ni wilaya ya Kyela, unapita mto Songwe ukielekea Ziwa Nyasa. Ng'ambo ya mto ni Karonga, nchi ya Wangonde, ambayo leo iko Malawi. Wangonde na Wanyakyusa ni ndugu. Lugha yao inakaribiana mno na asili yao wanaihesabu kuwa moja. Kwao mto huu ulikuwa ni mahali pa kuteka maji na kuvuka kwenda kumwona mjomba.

Tarehe 1 Julai 1890, huko Ulaya, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kugawana ardhi zisizokuwa zao. Songwe ukawa mpaka. Upande wa kaskazini ukawa wa Mjerumani, ambaye baadaye aliifanya Tukuyu kuwa makao yake na kuiita Neu Langenburg. Upande wa kusini ukawa wa Mwingereza, na nchi ikaitwa Nyasaland. Hakuna mchunga ng'ombe yeyote wa Songwe aliyeulizwa.

Hapa lazima tuseme ukweli, hata kama ni dhidi ya nafsi zetu. Hatuwezi kuwalaumu Wazungu peke yao. Kabla ya mkataba ule, tangu mwaka 1887, Wangonde wa Karonga walikuwa wameshambuliwa na watu wa Mlozi, mfanyabiashara Mswahili wa pembe na watumwa aliyejifanya sultani wa nchi ile. Wengi waliuawa, wengine wakatekwa, na walionusurika walikimbilia kaskazini kwa ndugu zao. Vita hivyo havikwisha mpaka mwaka 1895, Mlozi alipokamatwa na Waingereza na kunyongwa. Watoto waliokuwa wakichunga pamoja pembezoni mwa Ziwa Nyasa walitenganishwa kwanza na mtu aliyezungumza Kiswahili hiki hiki tunachokiandika. Qur'an, katika Surat An-Nisaa aya ya 135, inatutaka tusimamie uadilifu hata kama ni dhidi yetu wenyewe. Basi na tuanze na hilo.

Agosti 1914

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza huko Ulaya, wenyeji wa Rungwe na Karonga hawakuwa na ugomvi wowote baina yao. Hata Wazungu wenyewe waliokuwa hapa hawakuwa nao. Katika Ziwa Nyasa kulikuwa na meli mbili za serikali, moja ya Kiingereza iliyoitwa Guendolen na nyingine ya Kijerumani iliyoitwa Hermann von Wissmann. Manahodha wao, Rhoades na Berndt, walikuwa marafiki wa kukaribishana na kustarehe pamoja. Agosti 1914 Rhoades aliamriwa aende kuishambulia meli ya mwenzake iliyokuwa Liuli, upande wa Wajerumani. Mjerumani yule alikuwa hata hajapata habari kwamba nchi zao ziko vitani. Mizinga ilipolia alipanda mashua akamwendea rafiki yake kwa hasira, akidhani pengine amelewa. Akachukuliwa mateka.

Kisa hiki wanahistoria wa Ulaya hupenda kukisimulia kama kichekesho. Kwa hakika si cha kuchekesha. Ikiwa manahodha wawili wenye vyeo walishindwa kuuokoa urafiki wao kwa siku moja, wachunga ng'ombe wa Songwe wangeuokoa wao kwa nguvu gani?

Mwezi uliofuata, Septemba, kikosi cha Wajerumani kilichokuwa na kambi Masoko, karibu na Tukuyu, kilivuka Songwe kwenda kuipiga Karonga. Tarehe 9 Septemba 1914 kulipiganwa vita vikali na Wajerumani wakarudishwa nyuma. Mto uliokuwa wa wajomba ukawa ni mstari wa kupigiana risasi. Mwishoni mwa Mei 1916 ikawa zamu ya upande wa pili. Jeshi la Jenerali Northey lilivuka kutoka kusini na kuitwaa Neu Langenburg.

Sasa tazama waliokuwa wamebeba bunduki. Jeshi la Mjerumani lilikuwa na askari wengi Waislamu waliozungumza Kiswahili. Jeshi la Mwingereza, la King's African Rifles, lilikuwa na Wayao wengi wa Nyasaland, na wengi wao ni Waislamu. Wayao hao wana ndugu zao Tunduru na Masasi, upande wa Mjerumani. Kwa hiyo walikuwapo watu wanaoelekea kibla kimoja na kuzungumza lugha moja, waliofyatuliana risasi kwa ajili ya wafalme wawili wa Ulaya, ambao nao wenyewe walikuwa watu na binamu yake. Na ili ujue kwamba ugomvi haukuwa wao, mwaka 1917 Mwingereza aliunda kikosi kipya kutokana na askari wa Mjerumani aliowateka. Wakabadilishiwa sare, wakageuzwa kupigana na wenzao wa jana.

Waliobeba mizigo

Lakini wengi wa vijana wa Rungwe na Karonga hawakubeba bunduki. Walibeba mizigo. Nchi haikuwa na barabara, na mbung'o waliua farasi na ng'ombe wa kukokota. Kila risasi na kila gunia la unga lilibebwa kichwani na mtu, ratili hamsini au sitini, siku baada ya siku. Mjerumani alichukua wapagazi alipokuwa bwana, na Mwingereza alipoingia naye akachukua.

Hebu tupige hesabu ndogo. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1904, akajenga kibanda chake cha kwanza na wenzake, alikuwa na miaka 20 mwaka 1914. Ndio umri hasa uliotafutwa na wakusanyaji wa wapagazi. Kijiji cha rika maana yake ni kijiji cha watu wa umri mmoja. Kwa hiyo vita vilipotaka vijana wenye nguvu, havikuchukua mmoja mmoja kutoka kila nyumba. Kijiji cha vijana wa namna ile chote kilikuwa na umri wa kuchukuliwa. Na waliorudi hawakurudi wote, na hawakurudi pamoja.

Wapagazi waliotumiwa na Waingereza katika vita vya Afrika Mashariki wanakadiriwa kufikia karibu milioni moja, na takwimu zao rasmi zinataja vifo zaidi ya 95,000. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, kichomi, malaria na njaa, katika nchi wasizozijua, wakazikwa njiani bila jina. Vita vilipomalizika Novemba 1918, homa kali ya mafua iliyoenea dunia nzima ilikuja kuwafuata walionusurika.

Mkazi wa mjini unayesoma haya, usidhani mambo haya ni ya mbali. Unapokwenda sokoni Kariakoo unalitaja jina la wapagazi hao kila siku, kwani Kariakoo ni namna Waswahili walivyolitamka jina la Kiingereza la kikosi cha wabeba mizigo, waliokuwa na kambi pale. Na Sanamu la Askari unalolipita katikati ya jiji liliwekwa mwaka 1927 kwa ajili ya vita hivyo hivyo. Sanamu hilo linatukumbusha askari. Rafiki aliyekaa kibandani Rungwe akimsubiri mwenzake arudi hana sanamu popote.

Urafiki huvunjwa kwa maneno kwanza

Mtu anaweza kuuliza, je, wale waliotenganishwa na vita hawakuweza kurudi na kuendelea pale walipoachia? Baadhi waliweza. Wanyakyusa na Wangonde wameendelea kuoana, kuzikana na kufanya biashara hadi leo. Wilson na mkewe waliwakuta watoto wa Rungwe wakiendelea kujenga vibanda vyao miaka ishirini baada ya vita. Hili linatufundisha jambo kubwa. Pale ambapo vita vililetwa na mgeni na wenyeji hawakufundishwa kuchukiana, urafiki uliweza kuota tena.

Ugumu unakuja pale vita vinapotanguliwa na maneno. Rwanda, mwaka 1994, waliouana walikuwa majirani, watu waliosoma darasa moja na kucheza timu moja. Bunduki na mapanga vilikuja mwisho. Kabla yake kulikuwa na redio, vitambulisho vyenye kabila, na walimu waliowasimamisha wanafunzi darasani kwa makundi ili kila mtu ajue yeye ni nani. Mtoto aliyekuwa akimwona mwenzake kama rafiki tu alifundishwa na mtu mzima kumwona kama Mhutu au Mtutsi.

Waislamu tunayo historia inayofanana na hiyo. Makabila ya Aus na Khazraj wa Madina yalikuwa ya asili moja, lakini yalipigana kwa muda mrefu, na vita vyao vya mwisho vya Bu'ath vilipiganwa miaka michache tu kabla ya Hijra. Uislamu ukawaunganisha. Wanavyosimulia wanahistoria wa Sira, siku moja mtu aliyechukizwa na umoja wao alimtuma kijana aende kukaa katika baraza lao na kuwakumbusha Bu'ath na mashairi yaliyosemwa siku ile. Hakupeleka upanga, alipeleka kumbukumbu tu. Muda si mrefu watu waliokuwa wakizungumza kwa furaha walikuwa wakiitana kwenda kuchukua silaha. Mtume (s.a.w.) aliwaendea, akawauliza iweje warudi katika ujinga naye yu miongoni mwao. Wakalia, wakakumbatiana. Wafasiri wanazihusisha na tukio hilo aya za Surat Aal Imran kuanzia ya 100, ambamo Mwenyezi Mungu anawakumbusha kwamba walikuwa maadui, akaziunganisha nyoyo zao, wakawa ndugu kwa neema yake.

Funzo liko wazi. Baraza moja na maneno machache yalitosha kukaribia kurudisha vita. Na baraza hilo hilo, lilipopata mtu wa kusema neno la haki kwa wakati, liliepuka vita.

Tuliponea chupuchupu

Asidhani mtu kwamba mambo ya Songwe yalikwisha mwaka 1918. Mwaka 2012 kulizuka mzozo mkali kati ya Tanzania na Malawi juu ya mpaka katika Ziwa Nyasa, baada ya Malawi kutoa vibali vya kutafuta mafuta ziwani. Malawi ilisema sehemu yote ile ya ziwa ni yake, ikitegemea mkataba ule ule wa tarehe 1 Julai 1890. Tanzania ikasema mpaka uko katikati ya ziwa. Mijini, vijiweni na hata katika mitandao, watu walianza kuzungumza vita kama wanaozungumzia mechi ya mpira. Wengi wa waliosema hivyo hawakuwa na shangazi Karonga.

Alhamdulillahi, wakubwa walichagua mazungumzo, na usuluhishi ukapelekwa kwa marais wastaafu wa Afrika chini ya Joaquim Chissano wa Msumbiji. Lakini tujiulize, lau risasi ya kwanza ingepigwa, ingempata nani? Isingempata aliyetia saini mwaka 1890. Ingempata mvuvi wa Kyela na mvuvi wa Karonga waliojifunza kuogelea pamoja.

Na Januari 2025 mji wa Goma, mashariki ya Kongo, ulipotekwa na waasi wa M23, watoto walikimbia kila mmoja na njia yake. Tanzania inajua vizuri maana ya jambo hilo. Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo. Wapo watu wazima leo ambao marafiki zao wote wa utotoni waliwapata ndani ya kambi, kwa sababu wale wa nyumbani hawajui walipo.

Tufanye nini sisi?

Msomaji wa mjini anaweza kusema, mimi si jenerali wala si mbunge, nitazuia vita vipi? Hatukuombi uzuie vita vya dunia. Tunakuomba ulinde kile ambacho vita hukitafuta kwanza, nacho kiko nyumbani kwako.

Kwanza, tuchunge ndimi zetu mbele ya watoto. Mtoto hazaliwi akijua kuwa jirani ni mtu wa bara, ni Mmakonde, ni mkimbizi, ni wa chama kile au wa dini ile. Analisikia kwetu, wakati wa kula, tukidhani hasikilizi. Kesho analipeleka uwanjani.

Pili, tuwaache watoto wale kwa wenzao, na sisi tuwalishe wa wenzetu. Mijini siku hizi kila nyumba ina ukuta na geti, na mtoto wa jirani akija tunamuuliza anataka nini. Mama wa Kinyakyusa aliyelisha kundi zima la wachunga ng'ombe alikuwa akijenga ulinzi wa kijiji. Ni vigumu sana kumwinulia mkono mtu ambaye mama yake alikupakulia. Halali na haramu tuwafundishe, na adabu ya kula kwa watu tuwafundishe, lakini tusiwafundishe kuwaogopa watu.

Tatu, tuwafundishe historia yote, ile inayotusifu na ile inayotusuta. Tukiwaambia watoto wetu kuhusu mkataba wa 1890 tu, tukaficha habari za Mlozi, siku watakapoisikia kwa wengine watadhani tumewadanganya katika yote.

Nne, kama unaye rafiki wa utotoni mliyetenganishwa, hata kama ni kwa uchaguzi, kwa mgogoro wa msikiti au kwa kiwanja cha urithi, mtafute. Usisubiri akuanze. Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa mbora wa wawili waliogombana ni yule anayeanza kumsalimu mwenzake.

Jioni ya leo, huko Msasani ya Tukuyu na huku Msasani ya Dar es Salaam, watoto watacheza tena mpaka giza liingie. Wakishachoka wataingia katika nyumba iliyo karibu, wakiwa wengi kuliko sahani zilizopo. Ikiwa ni nyumba yako, wakaribishe. Wapakulie wote katika sinia moja, na usiwaulize makabila yao.